Uchambuzi wa kisa: Kutafuta programu ya kuchora grafu za logi katika ofisi ya visima, Dar es Salaam

Usuli

Kisa hiki kinahusu ofisi ndogo ya Dar es Salaam inayochimba visima virefu kwa ajili ya nyumba za watu, shule na viwanda vidogo. Majina, mtaa na tarehe vimeondolewa, na namba za kisima zimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Niliingia katika kisa hiki nilipoombwa kuisoma ripoti yao moja kabla haijamfikia mteja, na wahusika wote watatu wameridhia kiandikwe. Wa kwanza ni mhandisi kijana anayeandika ripoti. Wa pili ni fundi mkuu, mtu mzima ambaye ofisi nzima inamwita Mzee. Wa tatu ni mwanafunzi aliyekuwa pale kwa mafunzo kwa vitendo.

Kisima kikishachimbwa na kusafishwa, pampu huwashwa na kuachwa itoe maji kwa kiasi kilekile kwa saa nyingi, huku mtu akipima kila baada ya muda maji yameshuka kiasi gani ndani ya bomba. Mwaka 1935 Charles Theis wa Marekani alionyesha namna ya kusoma tabia ya tabaka la maji, yaani mchanga au mwamba wa chini ya ardhi unaobeba maji, kutokana na vipimo hivyo. Mwaka 1946 Cooper na Jacob walikuja na njia rahisi zaidi: muda wa kutosha ukipita, mshuko wa maji ukichorwa dhidi ya muda kwenye mhimili wa logi hutoa mstari mnyoofu. Kwenye mhimili huo umbali kutoka 1 hadi 10 ni sawa na umbali kutoka 10 hadi 100, na sawa tena na kutoka 100 hadi 1000. Kila umbali wa namna hiyo nitauita duru. Maji yanayoshuka katika duru moja ndiyo namba inayotafutwa, kwa sababu ikizidishwa kwa 4π na kugawanya mara 2.3 ya kiasi cha maji kinachosukumwa, unapata kiwango cha upitishaji, yaani uwezo wa tabaka hilo kupitisha maji kuelekea kisimani.

Kwa miaka mingi ofisi hii ilitumia karatasi za logi. Zilipokwisha, walitoa fotokopi ya ile ya mwisho, kisha fotokopi ya fotokopi, mpaka mistari ikafifia na duru zikaacha kulingana. Nilipoweka rula juu ya mojawapo, duru ya kwanza ilikuwa na milimita 62 na ya tatu milimita 60. Kwa grafu ambayo jibu lake lote linatokana na urefu wa duru, hilo si jambo dogo. Mhandisi akaamua kwamba wakati umefika wa kupata programu ya kompyuta.

Kisima chenyewe

Kisima kilikuwa na kina cha mita 48, machujio yake (sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji) yakianzia mita 30, na maji yalitulia mita 14.2 chini ya ardhi kabla ya pampu kuwashwa. Kiasi cha maji kilipimwa kwa pipa la lita 200 na saa ya mkononi: pipa lilijaa kila baada ya dakika mbili, sawa na mita za ujazo 6 kwa saa, au 144 kwa siku. Jaribio lilichukua dakika 600. Mwanafunzi aliandika vipimo 13, kuanzia dakika ya sifuri ambapo mshuko ulikuwa sifuri. Dakika ya 1 maji yalikuwa yameshuka mita 0.95, ya 5 mita 3.05, ya 10 mita 4.05, ya 30 mita 4.95, ya 100 mita 5.90, ya 300 mita 6.78, na dakika ya 600 mita 7.33.

Yaliyotokea: grafu ya kwanza na ya pili

Mhandisi alianza na Excel kwa sababu ilikuwa tayari kwenye kompyuta yake. Aliweka safu mbili, akachagua chati ya mistari, na grafu iliyotokea ilifanana mno na zile alizozizoea. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimeliona kwa watu wengi. Chati ya mistari haisomi muda kama namba, bali huuchukua kama jina la kila kituo, na kuvipanga vituo hivyo kwa nafasi sawa. Vipimo vya kisima huchukuliwa karibukaribu mwanzoni na kwa kuachana zaidi kadiri saa zinavyokwenda: dakika 1, 2, 3, 5, 10, 20, 30, 60, 100. Vikipangwa kwa nafasi sawa, vinaigiza mhimili wa logi bila kuwa mhimili wa logi. Mtu anayepitisha macho tu haoni kasoro. Anayeweka rula ndiye anayegundua kwamba kutoka 1 hadi 10 kuna hatua nne na kutoka 10 hadi 100 kuna hatua nne pia, lakini kutoka 2 hadi 3 ni hatua moja sawa na kutoka 1 hadi 2, na kutoka 300 hadi 600 nako ni hatua moja.

Alipotafuta mahali pa kuweka logi kwenye mhimili wa mlalo hakupaona, kwa sababu chati ya aina hiyo haina chaguo hilo kwa mhimili huo. Chaguo lipo kwenye mhimili wa wima, akalibonyeza hapo. Kwa siku mbili ofisi ilikuwa na grafu ambayo logi yake imekaa kwenye mshuko badala ya muda.

Mwanafunzi ndiye aliyelitatua hilo. Alibadilisha chati ya mistari kuwa chati ya nukta, ambayo huusoma muda kama namba, na chaguo la logi likaonekana kwenye mhimili wa mlalo. Hapo likaja tatizo la sifuri. Sifuri haina logi. Excel ilitoa onyo kwamba thamani za sifuri haziwezi kuchorwa sawasawa, na mhandisi alipotaka mstari wa mwelekeo wa aina ya logi, akakuta chaguo limefifia na halibonyezeki. Programu ilikuwa sahihi kukataa, lakini haikumweleza sababu kwa namna aliyoielewa. Akaifuta sifuri ya muda na kuandika 0.01. Chaguo likafunguka, mstari ukachorwa, na juu yake ukatokea mlinganyo: 0.766 mara logi asilia ya muda (logi ya kizio cha 2.718, si cha 10), ukijumlisha 2.14. Akaichukua 0.77 kuwa ndiyo mita zinazoshuka katika duru moja, akapiga hesabu ya upitishaji na kupata takribani mita za mraba 34 kwa siku.

Kutokana na namba hiyo alikadiria maji yatakuwa wapi baada ya siku 100 za kiangazi pampu ikifanya kazi mfululizo: mita 23.4 chini ya ardhi. Rasimu ya ripoti ikapendekeza pampu ining'inizwe mita 25.

Karatasi ya Mzee

Rasimu ilipofika kwa Mzee hakuijadili. Alichukua ile fotokopi yenye duru zisizolingana, akachonga penseli, akaweka nukta moja baada ya nyingine kutoka kwenye daftari la uwandani. Kipimo cha dakika ya sifuri alikiruka bila hata kusita. Nukta za dakika 1 hadi 5 aliziweka, lakini alipoweka rula hakuijali hata moja kati ya hizo. Rula yake ilianzia dakika ya 10, ikafuata nukta nane za mwisho ambazo zilikaa kwenye mstari mmoja kama shanga. Mimi nilikuwapo.

"Mwanangu," alimwambia mhandisi, "hebu nisomee hapa kwenye kumi."

"Nne na kidogo, Mzee."

"Na kwenye mia?"

"Tano nukta tisa."

"Sasa hiyo sifuri nukta saba saba umeitoa wapi?"

Mhandisi alikaa kimya, kisha akaifungua kompyuta na kuanza kuangalia upya. Tofauti ilikuwa mita 1.84 kwa duru. Hata fotokopi iliyopinda kwa milimita mbili isingeweza kuigeuza 1.84 kuwa 0.77.

Kwa 1.84 upitishaji ni mita za mraba 14.3 kwa siku, na makadirio ya baada ya siku 100 yanashuka hadi mita 25.9. Pampu iliyopendekezwa kuning'inizwa mita 25 ingebaki juu ya maji katikati ya kiangazi, ikivuta hewa hadi iungue, na familia ambayo imechangishana fedha za kisima ingerudi kununua maji kwa madumu. Hayo yote yangetokana na namba moja iliyosomwa vibaya juu ya grafu nzuri yenye rangi.

Kutafuta programu upya

Mara hii tulianza kwa kuandika tunachohitaji. Programu iwe ya bure kisheria, kwa sababu mtu alikuwa tayari ameleta kwenye flashi nakala ya programu ya gharama iliyovunjwa kufuli, na sikukubali ripoti ya maji ya watu itegemee kitu kama hicho. Ifanye kazi bila intaneti, kwa maana bando la ofisi haliaminiki mwisho wa mwezi. Imruhusu mtu kuchagua ni nukta zipi zipitiwe na mstari. Hitaji lililonigusa zaidi lilikuwa hili: tujue programu inaifanyia nini sifuri.

LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel, ilijaribiwa kwanza. Ina chati ya nukta na kisanduku cha logi kwa kila mhimili, na mtu aliyezoea Excel anaielewa kwa nusu saa. Kuhusu sifuri, mstari wake wa mwelekeo wa logi huhesabu nukta zenye muda ulio juu ya sifuri tu na kuziacha nyingine kimyakimya, kwa hiyo mhandisi asingelazimika kubuni 0.01. Hata hivyo mlinganyo wake nao huandikwa kwa logi asilia, na mtego wa 0.77 ungebaki palepale.

Veusz, programu ya kuchora grafu, ilimpendeza mwanafunzi, kwa sababu mtu hujenga grafu kwa kubonyeza na mhimili hugeuka kuwa wa logi kwa alama moja ya vema, na michoro yake ni safi kwa ripoti. R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ina sifa moja niliyoipenda sana: ukiiagiza ichore kwa logi data yenye sifuri, huchora zilizobaki na kukuambia kwa maandishi imeacha thamani ngapi. Lugha ya Python pamoja na Matplotlib, nyongeza yake ya kuchora grafu, ingefaa pia, lakini hakuna mtu pale aliyekuwa anaandika Python, na ofisi ya watu watatu haiwezi kusimamisha kazi ili ijifunze lugha mbili.

Tuliyoichagua kwa ripoti ni gnuplot, programu iliyoanza mwaka 1986 na ambayo, pamoja na jina lake, si sehemu ya mradi wa GNU. Ni nyepesi na haihitaji intaneti. Agizo la `set logscale x` linageuza mhimili, na agizo lingine linaupindua mhimili wa wima ili mshuko uchorwe kuelekea chini kama maji yenyewe yanavyoshuka. Kilichoamua zaidi ni mstari huu:

`fit [10:600] a+b*log10(x) 'kisima.txt' using 1:2 via a,b`

Ndani ya mstari huo kuna maamuzi mawili ambayo Excel iliyaficha. Mabano yanasema mstari uanzie dakika ya 10 na kuishia ya 600, wala si vinginevyo. Neno `log10` linasema logi ni ya kizio cha 10, kwa hiyo b inayotoka ndiyo mita kwa duru bila kuzidishwa na kitu. Tulipouendesha kwa kisima chetu ulitoa 1.84, sawa na rula ya Mzee. Yeyote atakayeipokea ripoti anaweza kuusoma na kuuliza kwa nini tumeanzia 10, na swali hilo linastahili kuulizwa.

Matokeo

Ripoti iliandikwa upya na pampu ikapendekezwa mita 29, juu kidogo ya machujio. Mteja hakufurahia gharama ya mabomba ya ziada, lakini alielezwa kwa grafu na akakubali.

Kuhusu programu, matokeo ni ya nusu. Kwa visima vitatu vilivyofuata gnuplot ilitumika vizuri, kisha mhandisi akasafiri kikazi kwa wiki kadhaa na hakuna mwingine aliyethubutu kulifungua lile dirisha la maandishi matupu. Mwanafunzi alikuwa amemaliza muda wake na kurudi chuoni. Kisima cha nne kilichorwa kwa Excel, safari hii kwa jedwali nililowatengenezea: safu ya tatu inabadilisha muda kuwa logi ya kizio cha 10, kipimo cha sifuri kimeandikwa kwenye mstari wa kichwa nje ya data, na mstari wa mwelekeo ni ule wa kawaida uliopitishwa kwenye safu hiyo ya tatu kuanzia dakika ya 10. Mteremko wake ni mita kwa duru moja kwa moja. Haupendezi kama ule wa gnuplot, kwa maana mhimili unaonyesha 1, 2 na 3 badala ya 10, 100 na 1000, lakini fundi yeyote wa pale anaweza kuujaza.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la programu yoyote. Swali lililoulizwa mwanzoni lilikuwa "inachora logi?", na karibu programu zote za grafu zinachora logi. Kuchora kwenye mhimili wa logi na kupitisha mstari juu ya data ni kazi mbili tofauti: ya kwanza inabadilisha nafasi ya nukta machoni, ya pili ni hesabu yenye logi yake yenyewe, na logi hizo mbili si lazima ziwe za kizio kimoja. Hata neno lenyewe halina maana moja. Ndani ya seli ya Excel, LOG bila maelezo mengine ni ya kizio cha 10 na logi asilia ina jina lake, LN. Kwenye gnuplot na R, `log` ni logi asilia. Mlinganyo uliotoka kwenye chati ya mhandisi ulikuwa wa logi asilia, na ulipaswa kuzidishwa kwa 2.303 kabla ya kuitwa mita kwa duru.

Nilipofanya kuzidisha huko nilipata jambo lililonitisha zaidi kuliko kosa lenyewe. Mara 2.303, ile 0.766 inakuwa 1.76, karibu kabisa na 1.84 ya kweli. Kama mhandisi angekumbuka hatua hiyo moja, angepata jibu linalokaribia usahihi kutokana na data iliyoharibiwa. Nukta ya kubuni ya 0.01 ilikuwa inaulaza mstari, na nukta za dakika za mwanzo zilikuwa zinausimamisha, vikafutana. Nilipoiondoa nukta ya kubuni na kuziacha zile za mwanzo, mteremko uliruka hadi 2.29 na upitishaji ukashuka hadi 11.5. Mtu mwangalifu nusunusu, anayesahihisha kosa moja na kuacha lingine, angejiweka mbali na ukweli kuliko alipokuwa.

Nukta za mwanzo zilipaswa kuachwa kwa sababu ya kimaumbile. Katika dakika chache za kwanza pampu inatoa zaidi maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba la kisima, na tabaka la nje halijaanza kuchangia ipasavyo. Mzee hakuieleza hivyo, alisema "maji ya bomba hayahesabiwi." Maarifa haya hayakuwamo kwenye programu yoyote tuliyojaribu, wala hayakuhitajika kuwamo. Yalihitaji kuwa mahali fulani katika utaratibu wa kazi, na sasa yako kwenye mabano ya `[10:600]`, ingawa namba 10 inafaa kwa kisima hiki tu na lazima iangaliwe upya kwa kila kisima kulingana na upana wa bomba na nguvu ya tabaka.

Kilichofanya kazi ni ukaguzi wa njia ya pili usiotegemea ya kwanza. Karatasi mbovu ya fotokopi ilishinda kompyuta kwa sababu ilimlazimisha mtu kuweka kila nukta kwa mkono na kusoma namba kwenye 10 na kwenye 100. Nilishauri karatasi mpya za logi zichapwe kwa gnuplot yenyewe, ambayo inaweza kutoa gridi tupu yenye duru sawa, na zikaguliwe kwa rula baada ya kutoka kwenye printa, kwa sababu printa nazo hubana ukurasa. Hilo limefanyika, na rundo lake liko mezani kwa Mzee.

Kilichoshindikana ni kuikabidhi gnuplot kwa mtu mmoja. Nilikosea kwa kufurahia usahihi wake bila kuuliza nani mwingine ataiendesha, na jedwali la Excel lilipaswa kutengenezwa siku ileile. Bado kuna pengo moja lililobaki. Pampu ikizimwa, maji hupimwa tena yakipanda, na vipimo hivyo huchorwa kwenye mhimili wa logi wa uwiano kati ya muda tangu pampu iwashwe na muda tangu izimwe. Faili la gnuplot na jedwali la Excel havijaandikiwa sehemu hiyo, na kwa sasa kila grafu ya maji kupanda inayotoka katika ofisi ile inachorwa na Mzee kwa penseli.